Jino la Muda la Mama Atieno

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya wiki ya kwanza, tena kwa bidii: niling'arisha chuma kisichotakiwa kung'aa.

Nilifika karakana ya meno pale Kawangware bila cheti. Nilikuwa nimejifunza kwa video za simu, kama wengi wenu mnaosoma hapa. Fundi mkuu, mzee wa kutoka Machakos, alinipa koti lenye doa la rangi ya ufizi kifuani. "Hapa hatuulizi umesoma wapi," akasema. "Tunauliza, jino limekaa?"

Kazi iliyoniogopesha zaidi ilikuwa jino la muda la kipandikizi. Kipandikizi ni skrubu ambayo daktari huipachika kwenye taya badala ya mzizi. Juu yake hufungwa kibomba kidogo cha titani, na sisi tulishikisha jino la akriliki kwenye kibomba hicho, mgonjwa alitumie hadi apate la kudumu. Ulitoboa jino, ukalivisha kibomba, ukaziba tundu la skrubu kwa pamba, kisha ukajaza nafasi iliyobaki kwa unga wa akriliki uliokorogwa na maji yake makali. Ile harufu ilifika mpaka kwa jirani muuza chapati. Hata leo naikumbuka kwa hamu.

Jino langu la kwanza lilikuwa la mbele, la Mama Atieno, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Kisumu Ndogo aliyeongoza nyimbo kanisani kwao. Kibomba kilikuja na mikwaruzo. Nikaona ni uchafu. Nilikisugua kwa msasa laini, kisha kwa brashi, hadi kikameremeta. Nilijisifu kimoyomoyo.

Jumamosi asubuhi Mama Atieno aliingia amefunika mdomo kwa leso. Daktari alikuwa amekwisha kufungua kibomba, na mama akaviweka mezani vyote viwili, jino huku, kibomba kule.

"Kijana, limetoka na ugali," alisema. "Ugali! Si mfupa, si muwa. Na kesho askofu anakuja, mimi ndiye naanzisha wimbo. Nifungue mdomo waone pengo?"

Fundi mkuu alikiinua kibomba kwenye mwanga. "Hiki ni kibomba ama sufuria ya harusi? Akriliki ishike wapi hapa?"

Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi: kilikuja hivyo. Nikaumeza.

"Ni mimi, Mzee. Nilidhani ile mikwaruzo ni uchafu."

"Basi rudisha uchafu."

Hakuninyang'anya kazi. Alivuta stuli akakaa kando yangu. Nikakipuliza kibomba kwa mchanga wa mashine hadi kikakwaruzika tena, nikakichora mifereji, nikakisafisha kwa spiriti na kukishika kwa koleo tu, maana mafuta ya vidole hufukuza akriliki. Kisha nikalishikisha jino upya kwa akriliki. Jino lilipokauka, Mzee alilivuta kwa nguvu zake zote. Halikutoka. Mchana huo daktari akalifunga.

Jumapili nilisimama ndani ya kanisa lao, safu ya nyuma. Sikusikia neno hata moja la wimbo. Nilikuwa natazama jino. Lilikaa beti zote, na likakaa hadi la kudumu lilipokuwa tayari.

Sasa niko karakana nyingine, Riruta. Mzee amestaafu, na karakana yake imekuwa duka la simu. Vibomba huja vimetiwa mchanga kiwandani, na kuna dawa ya kupaka ili akriliki ishike. Wasiwasi ninao bado, lakini siku hizi jino likishakuwa tayari, nalivuta mara moja, naliweka chini, silifuati tena hadi kanisani.