Meli Zilizozimiwa Mashine Makusudi

Kwa miaka sita Mama Kaneza, Mrundi asiyependa kubishiwa, alifagia jumba dogo la makumbusho ya meli karibu na bandari ya Durban. Kila siku kipaza sauti cha ukutani kiliwasimulia wageni hadithi ileile. Aliishika neno kwa neno, na aliamini angeisimulia vizuri kuliko kile kidude.

Mchana mmoja wa mwaka 2015, umeme ulikatika kwa mgao na kipaza sauti kikazimika, vijana wa kanisa la Berea wakiwa mbele ya picha kubwa ya meli nne. Mwalimu wao, Baudouin, akasema basi, warudi tu nyumbani.

"Mwalimu, umewaleta kuona picha ama kusikiliza umeme?" Kaneza akauliza, akaegemeza ufagio ukutani.

Akawaeleza kwamba kile kilikuwa kikosi cha mafunzo cha jeshi la majini la Malkia Victoria. Meli zilikuwa na mashine za mvuke tumboni, lakini zikifika baharini mashine zilizimwa, na mabaharia wachanga wakapanda milingoti kukunja matanga kwa mikono, mvua inyeshe, upepo uvume. Mwishowe kikosi kikavunjwa, maana manowari mpya hazikuwa na matanga tena.

Anaïs, binti mmoja wa kundi lile, akacheka. "Sasa Mama, walijitesa vile kwa nini, na mashine iko?"

Kaneza akanyoosha kidole kwenye kipaza sauti kilichonyamaza ukutani.

"Muulize yeye."