Bia ya mzungu wa mkonge ilivyogoma kutemwa siku ya posa yangu, Ronge

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Nimesoma uzi wa yule kijana wa Nairobi anayesifu bia za kutengenezwa kwa mkono. Ati lager ya rangi nyepesi na kali, ati ni kitu kipya Kenya hii, ati ukiionja lazima ufumbe macho.

Nimecheka mpaka chai ikanipalia.

Kijana, mimi nilifumba macho hapa Voi miaka ya themanini mwanzoni, pengine babako alikuwa hajajua kunyoa ndevu.

Ninayoandika ni kweli tupu. Nikiongeza hata chumvi ya kidole kimoja, mjomba wangu Mwadime anikane. Yu hai, na kumbukumbu zake ni kali kuliko zangu, hasa za makosa yangu.

Kwa wasionijua: shule niliacha darasa la nne. Leo nina malori, nina karakana yenye sakafu ya saruji, na watu wenye digrii wananiita bosi. Sikurithi hata spana. Tuendelee.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na nne, fundi wa magari pale Kaloleni, mtaa wa hapa Voi. Karakana yangu ilikuwa mabati matatu na jeki moja inayovuja. Lakini nilikuwa fundi bora kutoka Mariakani mpaka Taveta. Hayo si majivuno, ni habari.

Kwenye shamba moja la mkonge nje ya mji kulikuwa na injinia kutoka Chekoslovakia. Kazi yake ilikuwa kutunza korona, ile mashine kubwa ya kukwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Jina lake halikutamkika, lilikuwa na herufi zinazogongana. Wafanyakazi walimwita Bwana Povu, na mtaona kwa nini.

Bwana Povu hakuwa mtu wa makuu, ila bia ya dukani alikuwa haiwezi. Alisema si mbaya, lakini haimkumbushi nyumbani. Basi akawa anapika yake.

Shayiri aliagiza kutoka bara. Yale maua machungu ya kutia kwenye bia alitumiwa na dadake kwa posta, yamekandamizwa kama tumbaku. Alipika kwenye pipa, halafu akailaza bia miezi miwili kwenye chumba cha baridi ambacho shamba lilihifadhia nyama. Miezi miwili, wakuu, na nje jua la Voi linakaanga mawe. Kisha aliitia kwenye chupa zenye kizibo cha kauri na waya, zile za kufungua kwa kidole gumba.

Wafanyakazi waliionja siku moja, wakaipa jina: Keti Chini.

Siku hiyo nilikuwa nimemfufulia gia boksi ya Land Rover yake, kazi ambayo mafundi wawili wa Mombasa walikuwa wameshindwa (majina yao ninayo, nayaficha kwa heshima). Akafurahi, akanikalisha kwenye baraza yake, akatoa chupa moja.

Sasa wapenzi wa kuonja, sogeeni.

Rangi: dhahabu. Si ya kupakwa, ile ya pete ya bibi iliyovaliwa miaka. Ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi, ingawa mimi siku hizo gazeti nilikuwa nasoma picha.

Povu: jeupe, zito, vidole viwili. Nilimimina haraka nikapigwa kofi la mkono. Bwana Povu alimimina mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Nilivyokuwa nakunywa, povu liliacha pete kwenye kioo, moja chini ya nyingine.

Harufu: mkate unaotoka kwenye oveni. Halafu nyasi iliyokatwa asubuhi. Halafu kwa mbali, ganda la limau ukilikwaruza kwa ukucha.

Kwenye ulimi: utamu kidogo kwanza, kama mkate uliotafunwa sana. Kisha uchungu, lakini si ule wa mwarobaini wa kukuvamia usoni. Huu ulipita pembeni, ukaenda kukaa nyuma ya ulimi na kutulia huko. Mwisho koo likabaki kavu, linaomba tena.

Ukali: hapo ndipo mtego. Ni laini mpaka hujui kama ni kali. Nusu chupa, masikio yakapata moto. Chupa nzima, nikamweleza Bwana Povu kwa Kidawida, lugha yetu asiyoijua, kwamba Land Rover yake inafanana na shangazi yangu. Nilipotaka kuinuka kwenda zangu, nikaelewa jina.

Nikiwa nimekaa pale nikisubiri miguu irudi, akili ikafanya kazi.

Mimi nilikuwa na jambo langu Ronge, kule milimani. Kulikuwa na mwalimu wa nasari, Wakesho, msichana aliyekuwa akinisikiliza nikijisifu bila kupepesa macho, kisha akaniuliza swali moja tu na majisifu yote yakaanguka. Nilitaka kumuoa mpaka nilikuwa nakosea nati. Wiki mbili mbele ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kwa babake, Mzee Maghanga, mstaafu wa reli ambaye mimi sikumbuki kuwahi kumwona.

Kwa wale wa mbali, niwaeleze. Sisi Wadawida tuna kitu cha zamani kinaitwa kutasa. Mwenye nyumba anasimama, anatamka kwamba hana neno moyoni, anajaza pombe mdomoni, anairusha nje kama manyunyu. Neno, mrusho. Neno, mrusho. Kinyongo kinatoka pamoja na pombe. Siku hizi wengi wameacha, kanisa limeingia, lakini nyumba ya Mzee Maghanga hawakuwa wameacha. Asipotema, hakuna posa. Hata upeleke ng'ombe wanaoongea Kiingereza.

Pombe ya kazi hiyo ni mbangara, ile yetu ya miwa. Kila mtu alipeleka mbangara.

Mimi si kila mtu. Nilimwomba Bwana Povu kreti moja, naye akanipa.

Siku ikafika. Nilipakia kreti kwenye pikapu yangu, ambayo niliiunganisha mwenyewe kutoka pikapu tatu zilizokufa. Msemaji wangu alikuwa mjomba Mwadime, akakaa nyuma kuishika kreti isiruke.

Jua, mashimo, na bia hai ndani ya chupa. Hesabu mnaiona.

Hatujafika Mwatate, chupa ya kwanza ikalipuka. Mjomba akajilaza kifudifudi akilia kwamba majangili wa Tsavo wametupiga risasi. Ya pili ikalipuka. Akaniambia niwape wakeze salamu. Mpaka niliposimama, chupa nne zilikuwa zimekwenda na mjomba amelowa mgongo mzima, akiamini ni damu. Alipojilamba ndipo alipotulia. Kusema kweli alitulia mno, nikamhamishia mbele.

Ronge tulipokelewa vizuri. Mama Wakesho, mtu wa kanisa asiyegusa kileo, aliziangalia zile chupa kama mtu anayeangalia nyoka kwenye chupa ya hospitali. Hata hivyo alileta karai la maji ya mtoni, maji ya baridi ya mlimani, nikazizamisha zipoe.

Mzee Maghanga alikaa na wazee wawili wa ukoo. Mrefu, mkimya, koti la reli limefungwa vifungo vyote. Nikatoa hotuba kuhusu povu na kuhusu Chekoslovakia. Mjomba alinikanyaga mguu mara mbili.

Mzee akasimama na kikombe cha bati. Akatamka, "Kama kuna neno moyoni mwangu juu ya kijana huyu, na litoke." Akajaza mdomo. Mashavu yakatuna.

Tukangoja manyunyu.

Macho ya mzee yakafumba polepole. Koromeo likapanda, likashuka.

Alikuwa amemeza.

Wakuu! Hata kuku walisimama.

"Maghanga," mzee mmoja akasema, "umemeza baraka."

"Imeteleza," akajibu. Akaongezewa. Akatamka tena, akajaza tena, akafumba tena. Ikateleza tena.

Wale wazee wawili wakaona labda mwenzao ana tatizo la meno. Kila mmoja akajaribu kumwonyesha jinsi ya kutema. Wote wawili walimeza, na mmoja wao akaomba kuonyesha mara ya pili.

Mjomba akaninong'oneza, "Mpwa wangu, umeleta pombe nzuri kupita kiasi."

Wakesho alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Akauliza kwa sauti ile ya nasari, "Baba, unabariki ama unakunywa?"

"Natafuta ladha yake ilivyo, mwanangu."

Chupa zikaisha moja baada ya nyingine. Mimi ambaye ningefurahi kuona bidhaa yangu inasifiwa hivyo, nilikuwa natoka jasho. Kila mmezo ulikuwa unaondoka na mke wangu. Ikabaki chupa moja kwenye karai. Mzee akajaribu kusimama ili atamke, akarudi kitini. Akajaribu tena, akarudi.

Hapo yule mzee mkubwa zaidi, yule aliyeomba kuonyesha kutema mara ya pili, akaacha kucheka. Akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Kumeza mara moja ni bahati mbaya. Mara tano, kuna neno ndani halitaki kutoka. Maghanga, lipo?"

Mzee Maghanga akaangalia kikombe.

"Lipo."

 Nilikuwa simjui mtu huyu, neno litoke wapi?

Akaanza kusimulia, na Keti Chini ilikuwa imemlegeza ulimi, maana Wakesho aliniambia baadaye hakuwahi kumsikia babake akisema maneno mengi hivyo kwa mpigo. Miaka miwili kabla ya siku hiyo alikuwa ameshuka Voi na baiskeli iliyokatika fremu. Aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza wa reli. Aliileta kwa fundi mmoja Kaloleni aunganishe. Fundi akaiinua juu watu waione, akasema chuma hiki kimezeeka kama mwenyewe, vyote viwili vipelekwe kwa skrepa. Watu wakacheka. Akaikokota baiskeli mpaka Ronge kwa miguu.

"Fundi huyo ni wewe," akasema. "Na kweli hunikumbuki."

Wakuu, sikumkumbuka. Hilo ndilo lililoniuma. Maneno kama yale nilikuwa nayasema kila siku ili karakana ichangamke, nilidhani ni sehemu ya huduma.

Wakesho aliniangalia. Hakuuliza swali. Ingekuwa afadhali angeuliza.

Mimi nilikuwa sijawahi kumwomba mtu msamaha. Gia boksi nimebeba peke yangu, injini ya lori nimeteremsha na kamba, lakini lile neno lilikuwa zito. Nilisimama, nikavua kofia.

"Mzee, nilikosa."

Nilikuwa na mengine ya kuongeza, kwamba niko tayari kuiunganisha hiyo fremu bure, na kwamba kwa weldingi hakuna wa kunishinda. Mjomba akanikanyaga mguu kwa mara ya tatu, nikanyamaza kwenye "nilikosa".

Mzee akafungua kifungo cha juu cha koti lake. Kisha akasema, "Basi. Limetoka." Akaamuru chupa ya mwisho ifunguliwe.

Akatamka vizuri. Akajaza mdomo. Mashavu yakatuna. Sote tukainama mbele.

Akameza.

Akafuta mdomo kwa aibu, akasema, "Kinyongo sina tena, naapa. Lakini hii kitu hairudi nje."

Nilishika kichwa. Bia imekwisha, baraka haijatoka, na wazee watatu hawawezi kusimama.

Mama Wakesho ndiye aliyeinuka. Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mbangara. Mbangara hiyo mumewe aliipika tangu Jumatano na kukificha kibuyu nyuma ya mlango wa ghala, na yeye mama alikuwa amejifanya hakioni. Akakiweka mezani kwa kishindo.

"Mimi kwa pombe simo," akasema. "Lakini nilijua mtu wa Voi ataleta mambo ya Voi. Tema, baba Wakesho, watu waende kula."

Mjomba akamshika mzee kwapa moja, Wakesho akashika la pili. Wakamsimamisha. Mzee akatamka kwamba nyumba yangu iwe na amani, akajaza mbangara, akarusha.

Manyunyu hayakwenda hewani. Mzee alikuwa ameinama upande wangu, na yote yakanipata usoni. Akatamka watoto. Usoni. Akatamka mvua, mifugo, kazi ya mikono yangu. Usoni, usoni, kifuani. Wakesho alikuwa anacheka mpaka karibu amwachilie babake.

Nikajilamba.

Maoni yangu ya kuonja, wakuu: tamu, chachu kwa nyuma, ina moshi kidogo, povu hakuna. Ndiyo pombe bora niliyowahi kuonja maishani, na hata glasi sikupewa.

Funzo ni hili. Pombe ya kunywa na pombe ya kazi ni vitu viwili, usiharibu shughuli kwa kuleta kilicho bora kuliko kinachotakiwa. Na usicheke baiskeli ya mtu kabla hujajua ana mabinti wangapi.

Sasa mezani ni penu. Wale wa kuonja lager kali, leteni zenu tupime. Wale mlioposa na mambo yakawapalia, semeni bila aibu. Na kama kuna wa kubisha kwamba bia ya kulazwa baridi haiwezi kupikwa Voi, aandike hapa chini, lakini ajue kwamba Wakesho ndiye anayesoma majibu kabla yangu, na swali lake huwa ni moja tu.