Dereva na Miaka ya Kununua

Wiki hii nilikuwa ofisi ya pensheni hapa Jeddah. Mbele yangu dirishani walisimama mume na mke wa mtaa wa Ruwais, wazawa wa huku ambao nyumbani bado wanasema Kiswahili cha Unguja. Bwana ni dereva wa basi la shule ya serikali, na mgongo umemchosha. Aliegemea kaunta kwa viwiko vyote viwili. Karani alimweleza kwa Kiarabu kuwa amepungukiwa na miaka mitatu ya utumishi. Akitaka, ainunue kwa kulipia michango yake, astaafu sasa hivi; akamsogezea fomu.

Bwana akamfasiria mkewe.

"Nunua," mke akasema. "Pesa za safari zipo."

"Za kwenda kumtazama mama yako aliyerudi Unguja?"

"Unguja haihami, bwana."

"Haihami, lakini mama keshakuwa mtu mzima sana. Atakungoja mpaka lini?"

Mke alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya baibui, akaivaa tena.

"Na wewe kila asubuhi nakuvisha soksi," akasema polepole. "Hata kuinama huwezi. Nikiwa huko?"

"Nitavaa kandambili."

Mke akacheka, kisha akageuza uso ukutani. Bwana akairudisha fomu. "Halas, basi," akamwambia karani, "bado nipo kazini. Pesa ni za safari." Wakanisalimu walipopita, wakatoka wameshikana mikono, taratibu kama watu waliotoka hospitali.

Karani, aliyenisikia nikiwajibu salamu yao kwa lugha yao, akaniuliza mbona hawakununua. Nikamwambia wamenunua, ila si miaka anayoiuza yeye.