Nafasi ya Ramu

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa chupa hata moja. Nilipewa gunia la ndimu, kisu na beseni, nikaambiwa nikamue mpaka niambiwe basi. Hoteli ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, upande wa ufukweni, na mimi niliingia nikidhani nimeajiriwa jikoni. Jioni vidole vilikuwa vinaniwaka kwa maji ya ndimu. Mkuu wa Baa, mtu mzima aliyefunga tai hata kwenye joto, akaja akachovya kijiko katika beseni langu na kuonja.

"Huyu habani ndimu mpaka kwenye ganda," alisema. "Nani kakufundisha?"

"Mama yangu, mzee."

Ndimu ukiibana mpaka mwisho, uchungu wa ganda unaingia kwenye maji, na mama asingekubali upuuzi huo. Mama, Bi. Mwanaidi, alijulikana mtaani kwetu kwa sharubati yake. Pakiwa na maulidi au harusi, yeye ndiye aliyefuatwa, na mimi ndiye niliyemenya mananasi ya Kiwangwa tangu sijui hata kufunga kikoi. Hakuwa na kipimo. Alionja, akaongeza, akaonja tena, kisha akasema, "Haya, sasa imeshiba." Mimi mtoto wake wa pekee wa kiume nilitazamiwa kuirithi kazi hiyo. Nami niliirithi, ila nikaipeleka pengine.

"Kuanzia kesho uko baa," alisema Mkuu wa Baa, na hakungoja jibu langu.

Nyinyi vijana mnaofungua boksi la juisi, mkamimina soda nyekundu na kuiita pachi, nawasikitikia. Pachi, ile ambayo Waingereza huiita punch, ilikuwa kinywaji cha sherehe, kinachokaa kwenye bakuli kubwa la kioo, na mgeni anajichotea kwa upawa. Kulikuwa na mambo manne ya kuyapatanisha. Chachu ilitoka kwenye ndimu na pasheni. Tamu ilitoka kwenye nanasi na shira, yaani sukari iliyopikwa na maji mpaka ikawa nzito, nasi tuliitia mdalasini na punje chache za karafuu. Kali ndiyo ramu yenyewe, pombe ya miwa, ile ya rangi ya kahawia. La nne ni maji ya barafu inapoyeyuka, na hapo ndipo wengi huharibu. Vipande vidogo vinayeyuka upesi na pachi inakuwa maji ya kuoshea glasi. Sisi tuligandisha barafu kwenye ndoo, likatoka gogo zima, tukalizamisha bakulini likayeyuka taratibu. Mwisho kabisa tulikuna kungumanga juu yake.

Nilipotengeneza ya kwanza, nilifuata mkono wa mama. Niliponda embe bivu, nikachuja, nikatia, nikaonja, nikaona imeshiba. Mkuu wa Baa akaonja, akatikisa kichwa.

"Hii tamu kweli. Ungempa mgonjwa angepona. Lakini ramu itakaa wapi?"

Sikumwelewa.

"Embe limekalia kiti cha ramu, Shomari. Punguza embe, zidisha ndimu. Ukionja, uone katikati pamepungua. Hapo umepatia. Acha nafasi."

Ikanichukua muda mrefu kujifunza kutengeneza kitu kisichokamilika, lakini nilijifunza. Na lazima niseme jinsi nilivyofanya kazi, maana ndiyo iliyonifikisha hapa nilipo. Mimi sinywi, wala sijawahi kunywa. Nilionja juisi mpaka pale ilipokuwa bado juisi, kisha nikarudi nyuma. Mwenzangu Komba, Mkristo kutoka Songea, ndiye aliyefungua chupa, akamimina, akakoroga na kuonja. Akiweka upawa chini alisema, "Tayari, Shehe," na tukacheka, kwa sababu shehe gani anashinda baa. Katika miaka yote ile sikujua ladha ya kitu nilichosifiwa. Wageni walikuja kunishika mkono, nami nikatabasamu kama mtu anayepongezwa kwa mtoto asiyemjua.

Ramadhani ya kwanza baada ya kuajiriwa, nilirudi nyumbani mapema nikatengeneza sharubati ya futari. Nilipofika mbele ya mama na jagi, aliweka kiganja juu ya glasi yake.

"Mama, hii haina kitu. Ni nanasi na ndimu tu."

"Najua haina kitu, mwanangu."

"Sasa?"

"Mkono ni ule ule unaowatengenezea wale. Siku ukitoka huko, ukatulia, utanitengenezea na nitakunywa. Sikukasirikii. Haya, futuru, tende hizo."

Akamwambia dada yangu amletee maji. Hakugombana nami siku hiyo, na hakugombana nami tena. Alinipokea salamu, akaniombea dua, akalea wanangu. Ila glasi yake niliijua. Kila nilipokaribia na jagi, kiganja kilikwenda juu yake, taratibu, huku akiendelea na mazungumzo. Ningefukuzwa ningeumia kidogo kuliko hivyo. Kila mwaka nilisema mwakani naacha, na kila mwaka palikuwa na mtoto wa kusomesha.

Mimi na Komba tulihamishiwa hoteli nyingine ya kampuni ile ile, pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam. Huko nilikuwa chini ya Meneja wa Vinywaji, bwana mmoja aliyependa rangi kuliko ladha. Aliagiza shira nyekundu ya chupa na kunisimamia niitie.

"Watu wanakunywa kwa macho, Shomari."

"Na kesho yake wanaumwa kichwa kwa macho?" nilimuuliza.

Hakucheka. Haukupita muda nikapelekwa kambi ya wageni kule mbele ya Mkange, njia ya Saadani, na nadhani swali lile lilinisaidia kufika. Komba naye alipelekwa, maana walishatuzoea kama kinu na mchi. Barafu ilitoka Chalinze kwenye pikapu, imefunikwa maranda ya mbao, na ikifika nusu imeshakuwa maji. Masika moja tuliagizwa kuandaa harusi ya wageni. Tulikamua kutwa nzima, mabakuli matatu yakajaa, meza zikapambwa. Mvua ikakata barabara na hakuna aliyefika. Kesho yake Msimamizi wa Kambi akasema mwageni. Komba alimwaga mawili mchangani. La tatu hakulimwaga, na sikumuuliza lilikwenda wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Mtu aliyeajiriwa kuonja, akaonja kwa miaka, ulimi wake haujui tena kusema basi. Alianza kutetemeka asubuhi. Tuliporudishwa Bagamoyo, mimi nikapandishwa kuwa Mkuu wa Baa, na yeye macho yake yalikuwa ya njano. Ini lilimmaliza. Nilikwenda na wenzake kumsindikiza, nikasimama nyuma kwa sababu nyimbo zao sizijui. Nililia sana siku ile. Yeye alibeba upande wa kazi ambao mimi sikutaka kuubeba, na hakuwahi kunitupia neno.

Baada yake walikuja waonjaji wengine, lakini hakuna aliyeniita Shehe. Nilimalizia miaka yangu kimya kimya. Siku ya kuniaga, Meneja Mkuu alinikabidhi saa ya ukutani mbele ya wafanyakazi, kisha akaniinamia.

"Mzee, utuachie siri ya pachi yako."

"Acheni nafasi ya ramu," nilimwambia. Akacheka, akadhani ni utani.

Saa ile niliiacha sebuleni ikiwa bado kwenye karatasi yake. Nilikuwa na haraka ya jambo jingine. Mama alikuwa hai. Alikuwa ameshazeeka, macho yamefifia, anashinda kwenye mkeka ukumbini, lakini ulimi wake ulikuwa hai kabisa na chumvi ikizidi mboga nzima inarudishwa.

"Shikamoo, mama. Nimetoka kabisa."

"Marahaba. Hawakuiti tena?"

"Hawaniiti tena."

Akapapasa mkeka kando yake, nikakaa. "Basi tulia kwanza. Ikiingia Ramadhani utanitengenezea."

Nilisubiri mwezi kuliko nilivyousubiri nikiwa mtoto. Siku ya kwanza ya mfungo nilikwenda sokoni mwenyewe nikachagua mananasi kwa kunusa kitako. Nikachukua embe bivu, pasheni, ndimu. Sikubana ganda. Nilipika shira kwa mdalasini. Kwa kuwa nilikuwa nimefunga sikuweza kuonja mchana, nikaacha kila kitu kando mpaka adhana. Magharibi ilipoadhiniwa nilitia tende mdomoni, nikaonja juisi haraka haraka. Niliona embe limezidi, nikaongeza ndimu. Nikaonja tena. Ikanyooka, ikawa safi, kama nilivyoitengeneza maisha yangu yote. Nikaipeleka ukumbini.

Kiganja hakikwenda juu ya glasi. Mama aliishika kwa mikono miwili, akasema bismillahi, akanywa. Akaiweka kidogo mdomoni, akameza.

"Vipi, mama?"

"Nzuri." Akanywa tena. "Embe ulitia?"

"Nilitia."

"Mbona katikati pamepungua? Inaanza vizuri, inaishia vizuri, lakini hapa katikati kama kuna kitu kilikuwa kije, hakikuja."

Dada yangu akasema labda sukari. Mama akatikisa kichwa. Aligeuza uso upande wangu, na kwa macho yale yasiyoona vizuri alinitazama muda mrefu. Nilijua amekijua kitu chenyewe, na yeye alijua kwamba nimejua. Hakukitaja. Aliinua glasi akainywa yote mpaka chini, polepole, kama mtu anayemeza dawa ya mgonjwa mwingine.

"Alhamdulillahi," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Siku zilizofuata za mfungo alimwomba dada yangu maji. Mimi sikumletea tena jagi, na mwezi haukuisha tukamzika.

Vijana huniuliza kama naijutia kazi ile. Ilisomesha wanangu, siwezi kuitukana. Ninachosikitikia ni ulimi. Mama aliniachia ulimi wake, na huko nilikokwenda waliufundisha kwamba kitu kikipungua ndipo kimekamilika. Nilidhani nimejilinda kwa kutoonja ramu. Ningeionja hata siku moja, angalau ningejua ni kipi kinachokosekana.

Siku hizi Ijumaa nikirudi msikitini namenya nanasi, naponda embe, nakamua ndimu bila kubana ganda. Natafuta ladha ile ya mama. Najua embe linatakiwa lizidi, basi nalizidisha, lakini mpaka wapi? Yeye hakuwa na kipimo, na wa kumwuliza hayupo. Naonja, naongeza, naonja tena. Halafu inafika mahali ulimi wangu unaniambia tayari, nami naweka jagi chini, kwa sababu najua pale unaposema tayari ndipo palipopungua.