Ubongo Mpya wa Kompyuta ya Dada Rehema

Nakiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zetu wa Tabata. Dada Rehema aliishi kwa kompyuta ya mtumba. Watoto walimlipa kucheza gemu ya magari sebuleni. Lakini magari yalitambaa, na watoto wakaanza kumkimbia. Mie, mwandishi wa riwaya niliyesoma kijitabu kimoja cha kompyuta, nikajitolea kumbadilishia prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

"Ukiiua, Sele, utanilisha wewe," alinionya.

Nikaondoa kitambaa cha kufuma alichoifunikia kompyuta. Nikapangusa vumbi kila kona, nikachomoa prosesa ya zamani na kuiweka mezani kando ya mpya. Kisha nikachukua moja, nikaipachika taratibu kama mkunga.

Tukawasha. Loo! Gari jekundu likaruka kama mshale! Watoto wakashangilia, dada akapiga vigelegele. Nikainua juu prosesa iliyobaki.

"Tazameni ubongo wa konokono!"

Kelele zikamleta Fundi Mbwana, jirani anayetengeneza redio.

"Shikamoo, fundi! Umeona kazi?"

"Marahaba." Akanipokonya ile prosesa, akasogeza miwani, akasoma. "Mwanangu, mbona hii ndiyo mpya?"

"Sasa ile ya zamani inakimbiaje?" dada akauliza.

Fundi akainamia kompyuta, akacheka hadi akashika mbavu. Alikuwa akigusa kitufe cha kwenye kasha lake, ambacho miaka yote kilifichwa na kitambaa.

"Hiki ni cha kuongeza kasi. Bila shaka Sele kakibonyeza akipangusa vumbi!"

Dada akanitazama, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Sele, hebu njoo upanguse na friji."