Kiboko wa Katuni na Mgeni wa Kulesa

Ijumaa ya mwisho ya Januari mume wangu alifariki hapa Garsen. Nikakaa eda, siruhusiwi kuvuka lango la boma letu.

Aliyekuja kunitazama zaidi ya wote ni mama mmoja mkulima wa Kulesa. Urafiki wake ulianza na mume wangu. Kiangazi kikikaza, yeye ndiye aliyemwachia njia pembeni ya shamba lake, ng'ombe wetu washuke mtoni kunywa. Hawakuandikiana kitu, walielewana tu. Sasa mume hayupo, njia ile imebaki kwangu na kwake.

Siku moja alipokuja, mjukuu wangu alikuwa anatazama katuni. Kiboko mnene amekaa mtoni anawazuia nyati wasinywe. Mtoto anacheka. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, akaweka kikombe chini.

"Huyo si kiboko. Huyo ni mheshimiwa wetu. Tazama tumbo."

Watu wakacheka. Mgeni wangu wa Kulesa naye alicheka, kisha akauliza, "Na hao nyati wanaokanyaga migomba ya watu, ni akina nani?"

"Umesema wewe, mama. Mimi sijataja mtu."

"Umetaja kiboko, shemeji. Nyati hukuwaona?"

"Nyati wana kiu."

"Na mgomba hauna mwenyewe?"

Nikasema ni michoro ya watoto tu. Shemeji akaniambia, "Wewe una msiba, huwezi kuona." Nikaitazama tena katuni. Kweli sikuona. Niliona kiboko, na nyati, na mtoto aliyekuwa ameacha kucheka kwa sababu sisi tumeacha.

Mgeni akajifunga leso, akaaga. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani, na kabla ya eda nilimsindikiza kila mara, hata jua likiwa kali. Nilifika langoni nikasimama. Yeye akatembea hatua chache, akageuka.

"Hata leo hunisindikizi?"

"Siwezi kutoka, dada. Niko eda."

"Nilidhani nyati wamekuzuia."

Alitabasamu, au jua lilikuwa machoni mwake. Nilitaka kumwambia kwamba shemeji hasemi kwa niaba yangu, lakini shemeji alikuwa nyuma yangu anavaa viatu, nikashindwa. Akaenda peke yake mpaka barabarani. Mtu aliyemwona angesema nimemfukuza.

Niliporudi ndani, mtoto akaniuliza kama nyati walikunywa. Nikasema sijui, nilikuwa nje.

Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena, mwenye bodaboda alisimama langoni akashusha ndoo ya embe, akasema zimetoka Kulesa kwa yule mama.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Hakusema kitu. Amesema tu ndoo nirudi nayo."

Nikamwaga embe kwenye mkeka, nikaiosha ndoo, nikampa.