Kinga ya Papa Léon na fundi aliyefunga mdomo

Saa moja asubuhi, kabla soko halijachangamka, mama mmoja aliyejifunga kitenge cha bluu anapita mbele ya meza ya Symphorien Kyomba bila kusalimia. Anafika kwa wauza dagaa, anageuka, anapita tena. Macho yapo kwenye kengele za baiskeli zilizopangwa mezani, uso unatazama upande wa ziwa.

Ukimwona hivyo utashika mfuko wako. Mwandishi wa makala hii alishika wake.

“Umuache,” anasema Symphorien bila kuinua kichwa. “Huyu si mwizi. Anatafuta zawadi ya Noeli ya bwana yake.”

Kweli, mama anasogea, anainama kama anayeokota kitu, kisha ananong'ona. Mumewe ana baiskeli ya zamani ya Waingereza, na kila Jumamosi anaipangusa kuliko anavyopangusa viatu vya watoto. Ampe nini? Symphorien anamwonyesha kengele ya shaba yenye mlio mzito, taa ya dinamo iliyosuguliwa ikang'aa, kiti cha ngozi kilichoshonwa upya, vishikio vya mpira vya usukani. Mama anachagua kengele, anaizika ndani ya unga wa muhogo kikapuni na kuondoka bila kuaga.

Ndivyo zawadi zinavyonunuliwa hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, mwezi wa Desemba, kama nyumbani kuna mpenzi wa kinga za zamani. Kinga ndiyo baiskeli kwa watu wa hapa. Ukisema baiskeli watakuelewa, ila watajua umetoka ng'ambo.

Symphorien ana miaka hamsini na sita, baba wa watoto watano, mzaliwa wa vijiji vya milimani juu ya Moba. Ujanani alisukuma kinga zenye magunia kati ya Manono na Ankoro, na huko ndiko alikojifunza ufundi. “Kinga ikivunjika kule porini, utamwita nani? Unafunga na kamba ya muti, unaenda,” anasema. Vita vilimshusha hadi ziwani, na meza hii ndiyo imemlisha tangu hapo. Desemba humwingizia karibu mara tatu ya mwezi mwingine. Ndiyo inayolipa minerval, yaani karo ya shule, ya watoto.

Lakini mwezi huohuo ndio unaomkosesha usingizi. Vipuri vya kinga za zamani haviingiliani hovyo. Kiti cha Mwingereza hakikai kwenye kinga ya Mbelgiji, na kengele ya leo hulegea kwenye usukani wa jana. Lazima zawadi ijaribiwe, na mwenye kinga hatakiwi kujua. Kwa hiyo akina mama huiiba kinga ya mume akiwa kazini, huikimbiza kwa Symphorien, kisha huirudisha kabla hajafika.

“Mwaka juzi bwana mmoja alikuja hapa na fimbo,” anasimulia. “Alisikia bibi yake ananong'ona na fundi kila siku. Ningemuambia nini? Ati tulikuwa tunapima kiti?”

Hakumwambia. Siri ya mteja ni siri. Alikubali kutukanwa mpaka Noeli, na yule bwana alipofunguliwa zawadi yake alikuja kuomba msamaha huku akitazama chini.

Siku hiyo ya Desemba, mazungumzo yalikuwa yamefika hapo alipokuja mzee mmoja mrefu, mwenye kofia ya zamani ya reli. Ni Papa Léon, mstaafu, kiongozi wa wazee wanaoendesha kinga zao kwa pamoja kila Mwaka Mpya kutoka kanisani hadi bandarini. Alikuwa anatembea kwa miguu, na wauza dagaa walimtazama kama wanavyotazama mtu aliyefiwa.

“Symphorien, bado haujasikia kitu?”

“Bado, Papa.”

“Kama muntu ataleta hata kengele tu ya kinga yangu, utaniambia?”

“Nitakuambia, Papa.”

Kinga ya Papa Léon, ya kijani, aliyoachiwa na marehemu baba yake, ilikuwa imepotea barazani tangu wiki iliyotangulia. Alishamshuku mpangaji wake akamfukuza. Alishamshuku jirani, na siku hizi hawasalimiani. Alipoondoka, mwandishi aliona jambo moja: fundi alikuwa amekunja vidole, na ndani ya kucha zake kulikuwa na unga wa kijani.

“Ni rangi ya nini hiyo?”

“Ya kazi,” alijibu, akafunga meza mapema.

Hapo, msomaji, mwandishi alikuwa ameshamhukumu. Makala ya zawadi za sikukuu aliiona imekufa, akaanza kufikiria makala ya mwizi. Alirudi kesho yake, na keshokutwa yake, akajibanza kwa wauza dagaa kama yule mama wa kengele.

Mdhaniaye ndiye, kumbe siye, wahenga walisema. Ila hawakusema ufanye nini kama kinga ya watu kweli imo chumbani mwa mtu huyo, nyuma ya godoro, imefunikwa shuka la kitanda.

Iliingiaje? Papa Léon ana mtoto wa kiume anayeitwa David, mfanyabiashara wa ziwani, aliyeoa Kigoma. Mkewe, Annie, ni mwalimu wa shule ya msingi huko, tena Mtanzania asiyewahi kukanyaga Kalemie. Ndiye aliyemwandikia fundi kwenye simu, na ujumbe huo mwandishi ameuona: “Shikamoo fundi. Tunataka kumpa baba zawadi ya Krismasi, naye anaipenda sana baiskeli yake ya zamani. Kwenye picha nimeona kinga imeliwa na kutu. Naomba uitoe kimyakimya, uikwangue rangi yote na kuipaka upya nyeusi. Baba asijue.”

Annie alimpigia pia mama mkwe wake, Mama Fortunée. Mtandao ulikuwa unakatika. “Nilisikia fundi atakuja kutoa kinga,” anasema mama huyo. “Nikamutolea kinga. Ningemutolea nini tena?”

Papa Léon alipokuwa kwenye misa ya asubuhi, kinga ilitoka.

Tangu siku ya kwanza moyo wa Symphorien haukutulia. Kinga yenyewe haikuwa na kutu ya kutisha. Isitoshe, mpenzi wa kinga ya zamani humpi rangi mpya, kwa sababu ile iliyochakaa ndiyo anayoipenda. “Na nani anakwangua rangi?” anauliza. “Mwizi njo anakwangua, ili mwenyewe asiitambue. Nikasema, pengine huyu si mukwe wa Papa Léon. Pengine muntu ananitumia.”

Alipiga simu Kigoma, haikupatikana. Alimwendea Mama Fortunée, akaambiwa afanye kazi, sikukuu imekaribia. Akamshuku hata huyo. Je, kama mama anataka kuiuza, na yeye fundi ndiye atakayebeba jina la mwizi?

Maana jina ndilo duka lake. Watu hawamwachii Symphorien vyuma tu, wanamwachia urithi wa wazazi wao na kwenda zao sokoni. Akiitwa mwizi mara moja, hata kwa uongo, hakuna atakayemwachia tena kitu. “Ufundi, hata vijana wanao,” anasema. “Mimi nakula juu ya kuaminiwa.”

Hata hivyo alikwangua. Alianzia kwenye bomba la chini la fremu, mahali ambapo baba yake Papa Léon alikuwa ameandikiwa jina lake kwa brashi, herufi nyeupe juu ya kijani, na mchoraji mmoja wa Moba aliyekufa zamani. Alifuta herufi moja baada ya nyingine.

Kilichomfichua ni ule unga wa kijani. Mwandishi si yeye peke yake aliyeuona, wauza dagaa nao wana macho. Siku mbili kabla ya Noeli, Papa Léon alifika nyumbani kwa fundi pamoja na chifu wa mtaa na watu wengi zaidi ya waliohitajika. Shuka lilivutwa. Kinga ikaonekana, nusu kijani, nusu chuma kitupu.

“Nilikuuliza mbele ya watu,” alisema Papa Léon. “Ukaniambia bado.”

Symphorien hakujibu. Chifu alimuuliza, hakujibu. Mtu mmoja alishamshika shati. Alikuwa anamtazama Mama Fortunée, aliyesimama nyuma ya umati na kitenge mdomoni, na anasema hapo ndipo alipojua uzito wa siri: mwenye siri alikuwepo, na alikuwa anaogopa.

Hatimaye mama alisogea mbele. “Mumuache. Mimi njo nilitoa. Ni zawadi ya watoto.”

Hakuna aliyeamini. Ikapigwa simu Kigoma, na safari hii Mungu akajalia ikapatikana, sauti ikawekwa juu ili wote wasikie.

“Mwalimu,” alisema chifu, “ni wewe ulituma huyu achukue kinga?”

“Ndiyo, shikamoo. Imeshapakwa rangi?”

“Kinga yote?”

“Yote ndiyo, si ni kipande kimoja tu? Aitoe, aipake, airudishe. Baiskeli yenyewe asiiguse, baba anaipenda vilevile ilivyo.”

Watu wakatazamana.

“Mama,” chifu alisema polepole, “kinga na baiskeli, si kitu kimoja?”

“Hapana jamani. Kinga ni kile kibati kinachofunika mnyororo usile suruali.”

“Karter,” alinong'ona Symphorien. “Alitaka karter.”

Kwa Kiswahili cha mwalimu wa Kigoma, kinga ni kitu kinachokinga. Hata huko, mafundi wa barabarani wangesema vingine, lakini Annie hakutaka kuwaandikia wakwe Kiswahili cha mtaani. Na kweli, kwenye kinga ile nzima, kilicholiwa na kutu kilikuwa kile kibati peke yake, ambacho fundi alikuwa bado hajakigusa.

Umati ulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Papa Léon hakucheka. Alipitisha kidole kwenye chuma kitupu, pale lilipokuwa jina la baba yake, akaiinua kinga begani na kwenda nayo. Annie, alipoelewa, alilia kwenye simu hadi salio likaisha.

Symphorien aliomba kuandika upya lile jina. Papa Léon alikataa. Mwaka Mpya alipanda kinga vilevile, na bomba lake tupu, mbele ya wazee wenzake. Mpangaji aliitwa akarudi. Jirani ameombwa radhi.

Fundi ndiye aliyebaki. Mwandishi aliporudi mwishoni mwa Januari, alimkuta na kazi chache. Wapo wanaosema hadithi ya mwalimu ilipikwa. “Lisemwalo lipo,” alisema muuza dagaa mmoja, akimtazama fundi kwa pembe ya jicho. Mwandishi naye, kwa kuwa hana aibu, alimpigia Annie simu mwenyewe, akauliza maswali yaleyale kwa njia tatu. Majibu hayakubadilika. Symphorien alisikia habari hiyo, akasema tu kwamba na yeye angefanya hivyohivyo.

Ametengeneza sheria mpya. Zawadi za siri hapokei tena kwa mdomo wala kwa ujumbe wa maneno, lazima mteja aje akiguse kile kitu kwa kidole. “Hata kama ni mwalimu,” anasema. “Zaidi kama ni mwalimu.”

Papa Léon bado huja, maana mwingine anayeiweza kinga ile mjini hayupo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Zamani aliiacha na kwenda zake. Sasa ikimlazimu kuondoka kabla kazi haijaisha, huibeba yote, na vipande mfukoni, kisha hurudi nayo baadaye.

Leo yuko hapa, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akifuata spana kwa macho. Gurudumu la mbele limefunguliwa, spoki mbili zimekatika. Simu inaita. Ni Mama Fortunée, anamtaka nyumbani mara moja, wageni wamefika.

Papa Léon anasimama. Anaitazama kinga, anamtazama Symphorien, anamtazama na mwandishi; inaonekana huyo naye mzee hamwamini. Anasogea hatua, anarudi. Mwishowe anainama, analiokota lile gurudumu, analitia begani na kuondoka nalo kupitia katikati ya soko.

Spoki haziwezi kufungwa bila gurudumu. Symphorien anaweka spana chini na kumfuata kwa macho mpaka anapotelea kwa wauza dagaa. Mwandishi anataka kumpa pole, lakini fundi anatabasamu.

“Umeona?” anasema, akiigusa ile fremu iliyobaki mezani. “Wiki iliyopita alibeba kinga yote. Leo ameniachia hii, amechukua gurudumu tu. Pasaka, Mungu akipenda, ataniachia na gurudumu.”